Pumzi Kwanza, Mpira Baadaye

Mgonjwa wako akifikishwa hospitali hajitambui na pumzi zinakatika, huenda atakayempokea ni daktari kijana anayesomea ubingwa. Ndugu wengi hunung'unika: "Mbona wanajifunzia kwa mgonjwa wetu?" Swali hilo ni la haki. Ubongo ukikosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika chache tu.

Kazi yenyewe ni ngumu. Daktari husimama kichwani pa mgonjwa, hushika laringoskopu kwa mkono wa kushoto, huinua ulimi na kupitisha mpira katikati ya nyuzi za sauti mpaka kwenye koo la hewa. Nyuma yake kuna njia ya chakula. Mpira ukiingia huko bila kugunduliwa, hewa huenda tumboni na mgonjwa hufa.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, wepesi wa mkono si somo la kwanza. Mwezi Machi 2005, huko Uingereza, mama wa watoto wawili, Elaine Bromiley, alikwenda kufanyiwa upasuaji mdogo wa pua. Alipopewa dawa ya usingizi, njia ya hewa iliziba. Madaktari wazoefu waling'ang'ania kuingiza mpira huku dakika zikipita. Muuguzi alileta vifaa vya kutoboa koo, lakini havikutumiwa. Mama huyo alifariki siku 13 baadaye. Mumewe Martin, rubani wa ndege, hakutafuta wa kulaumiwa. Mwaka 2007 alianzisha kikundi cha kuwahimiza watumishi wa afya wasikilizane kazini.

Basi, kijana afundishwe kwanza kumpa mgonjwa hewa kwa maski na mfuko wa kubonyeza. Mpira ajizoeze kwenye sanamu kabla ya kumgusa mtu. Mkubwa wake awe kando. Akishindwa, aache, arudishe hewa, aite msaada. Na muuguzi akisema neno, alisikilize.

Nasi nyumbani tuna sehemu yetu. Mtu asiyejitambua lakini anapumua, mlazeni ubavu, wala msimpe maji wala uji, vitaingia mapafuni. Mpelekeni hospitali upesi.

Tusimkatae kijana anayejifunza chini ya mkubwa wake. Bingwa wa kesho hatapatikana kwa njia nyingine. Tudai tu asiachwe peke yake.