MAARIFA YA NYUMBANI: Madirisha Matano, Mkono Mmoja

Katika nyumba nyingi za askari mjini Kampala, siku hizi hakosekani kijana ambaye riziki yake yatokana na kompyuta. Mama humwona ameketi hadi usiku wa manane mbele ya kioo cheusi chenye maandishi meupe, akabaki kujiuliza ni kazi gani hiyo isiyo na picha wala sauti. Baba, ikiwa aliwahi kuwa opereta wa redio jeshini au katika polisi, angeielewa upesi kuliko anavyodhani.

Nyuma ya kioo kile kuna programu ipokeayo amri, nayo huitwa sheli. Mtu huandika amri, hubonyeza kitufe cha kuingiza, na mashine hutenda. Sheli moja ni ya mashine iliyo mezani. Nyingine zaweza kuwa za mashine za mbali: ya Gulu, kiasi cha kilomita 330 kaskazini, ya Mbarara na ya Mbale. Kuzifikia hizo hutumika programu ya SSH, iliyotungwa mwaka 1995 na Mfini aitwaye Tatu Ylönen (jina ni la Kifini, wala halihusiani na hesabu ya moja, mbili, tatu), baada ya wezi kunasa maneno ya siri katika mtandao wa chuo chake. SSH huyageuza maneno yote kuwa fumbo yakiwa njiani.

Hatari huanza hapo. Achukuliwe karani aliyefungua sheli tano, zote nyeusi, zote zafanana kama vifuniko vya sufuria za duka moja. Ataka kufuta nakala za majaribio zilizo katika mashine yake. Aandika amri ya «rm», abonyeza kitufe, kumbe dirisha lile ni la Mbarara, na faili zilizofutwa ni orodha ya mishahara ya mwezi. Amri hiyo kwa kawaida haiulizi mara mbili, wala haina kapu la taka ambamo mtu aweza kuokota alichokitupa. Kama hapakuwa na nakala ya akiba, familia nyingi zitangoja.

Opereta wa redio hakosei hivyo kwa sababu hutaja kituo kwanza, ndipo atoe ujumbe. Karani naye aweza kufanya vivyo hivyo ndani ya programu ile ile anayoandikia, yaani Vim, ambayo ina udugu wa pekee na Uganda. Mtunzi wake, Mholanzi Bram Moolenaar, aliitoa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1991. Mwaka 1994 alijitolea kufanya kazi Kibaale, katika wilaya ya Rakai karibu na mpaka wa Tanzania (isichanganywe na Kibaale ya Bunyoro), mahali palipoumizwa vibaya na UKIMWI. Programu yake aliitoa bila malipo. Aliomba tu kwamba mwenye kuipenda awasaidie watoto wa huko. Alifariki dunia Agosti 2023.

Kwa miaka mingi maelezo ya Vim yalisema wazi kwamba Vim si sheli, na kwamba sheli haitaendeshwa ndani yake. Wenzake wa Emacs walikuwa nayo zamani, nao hawakuacha kujigamba. Hatimaye Moolenaar alilegeza msimamo, na toleo la 8.1 la Mei 2018 likaleta amri ya «:terminal».

Amri hiyo hufungua dirisha lenye sheli ya mashine iliyo mezani. Ikifuatiwa na neno «ssh» na anwani ya mashine nyingine, dirisha huwa la huko mbali. Ndani ya dirisha hilo kila herufi huenda kwenye sheli, isipokuwa Ctrl pamoja na W, ambayo Vim huishika yenyewe. Ikifuatiwa na w ndogo, mwandishi huruka dirisha la pili. Ikifuatiwa na N kubwa, dirisha hutulia, naye aweza kupanda juu kusoma majibu yaliyopita na kuyanakili. Herufi i humrudisha kazini. Waliozoea kufuta neno kwa Ctrl na W watakereka kidogo: sasa yawapasa waongeze nukta.

Lililo bora zaidi ni jina. Ctrl na W, kisha nukta pacha, kisha «file gulu», na dirisha lile laitwa gulu; jina hukaa chini yake muda wote. Amri ya «:ls» huyaorodhesha yote, na herufi R huonyesha lipi lingali likitenda. Hata hivyo jina hilo ni kibandiko tu. Aliyetoka Gulu akaingia Mbale kupitia dirisha lile lile ataendelea kusoma «gulu» chini yake. Kwa hiyo kabla ya amri ya kufuta, aandike «hostname». Mashine yenyewe itajitaja.

Umeme ukikatika au mtandao ukianguka, sheli ya mbali kwa kawaida hufa pamoja na kazi iliyokuwa nusu. Dawa yake haimo ndani ya Vim. Ni kuanzisha kwanza, kwenye mashine ya mbali, programu ya «screen», iliyoko tangu 1987, au «tmux». Kazi hubaki ikiendelea huko Gulu hata Kampala ikiwa gizani, na taa zikirudi karani huunganisha tena kwa «tmux attach» na kuikuta ilipofika.

Jioni, akitaka kufunga yote kwa «:qa», Vim hukataa maadamu kuna sheli inayotenda. Alama ya mshangao mwishoni mwa amri hiyo huilazimisha, nayo huziua sheli zote kwa pamoja. Karani mwenye subira hupita dirisha kwa dirisha, akiandika «exit» katika kila moja, la Gulu, la Mbarara, la Mbale, na la mezani mwisho.