Picha Zilizogeuka Kijani



Zimo katika albamu za jamaa zetu wengi picha za miaka ya 1980 na 1990 ambazo rangi zake ni za ajabu. Nyuso zina ukijani, mbingu imekuwa kama maji ya ndimu, na nguo nyeupe zinawaka hata mikunjo yake haionekani. Aghalabu mwenye nazo husema kwamba zimepauka kwa umri. Si zote. Picha iliyopauka huwa imefifia. Hizi hazikufifia, bali zimekuwa kali kupita kiasi. Yawezekana filamu yake ilikuwa ya slaidi, ikasafishwa kwa dawa za negativu.

Filamu za rangi zilizoenea zama zile zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza hutoa negativu, nayo husafishwa kwa utaratibu uitwao C-41, ulioanza mwaka 1972. Ya pili hutoa slaidi, zile picha ndogo za fremu tulizokuwa tukizitupia ukutani kwa taa, na utaratibu wake ni E-6. Mikebe yake ilifanana kwa umbo na ukubwa, na dawa za taratibu zote mbili hutumika katika joto la nyuzi 38 hivi, kwa hiyo kukosea kulikuwa rahisi. Jina ndilo lililotofautisha: Fujichrome na Ektachrome ni slaidi, Fujicolor na Kodacolor ni negativu.

Katika E-6 filamu hutiwa kwanza dawa isiyotoa rangi, kisha hugeuzwa, ndipo rangi hutokea. C-41 huanza na rangi moja kwa moja, pale pale mwanga ulipopiga. Basi slaidi ikitiwa humo hutoka negativu, lakini negativu isiyo na ule utando wa rangi ya machungwa ambao negativu za kawaida huwa nao. Mashine za kuchapia ziliutegemea utando huo katika hesabu zake, na ulipokosekana zilipotea. Isitoshe, matabaka ya filamu hayaendi kwa kadiri moja katika dawa isiyo yake: penye kivuli picha huelekea rangi moja, na penye mwanga huelekea nyingine. Hili ndilo la kushika. Ukiondoa ukijani kwa mkupuo mmoja katika picha nzima, uso utapona na ukuta utaugua.

Wako wanaouliza kama filamu yaweza kurudishwa katika dawa zake za haki. Haiwezi. Madini ya fedha yaliyokuwamo yamekwisha kutolewa, zimebaki rangi tupu. Linalowezekana ni kuchapa upya kutokana na negativu, wala si kutokana na ile picha ya karatasi. Kwa hiyo tunawaomba sana msizitupe negativu kwa kuwa picha zake ni mbaya. Wachapaji wa chumba cha giza walikuwa na hila yao: waliweka juu ya negativu kipande cha filamu ya kawaida iliyosafishwa bila kupigwa picha, ili kuazima utando wa rangi ya machungwa.

Kwa skana na kompyuta, usiiambie skana kwamba hii ni negativu, kwani itaondoa utando ambao haupo na kuongeza kosa juu ya kosa. Iambie ni slaidi, na kila rangi ichukuliwe kwa biti 16, yaani ngazi 65,536 badala ya 256 za biti 8. Kisha geuza picha mwenyewe katika programu, na urekebishe nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake: kwanza penye giza kabisa, halafu penye weupe kabisa, mwisho katikati.

Lakini utajuaje kwamba weupe huo ndio weupe? Hapa programu haisaidii kitu. Jamaa mmoja tunayemfahamu ana picha za harusi ya Mombasa ya mwaka 1994, zilizoharibika namna hii. Mama wa bibi harusi alifariki mwaka uliofuata, na hana picha nyingine ya rangi. Mjukuu aliyezaliwa ughaibuni alidhani leso ya bibi yake ilikuwa ya kahawia. Wazee walipoiona walitambua mtindo wake mara moja: ni kisutu, leso ya harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Basi ndani ya nguo moja walipata vipimo vyote vitatu. Kisutu kingali kikiuzwa. Waliweka kimoja kando ya kompyuta wakalinganisha. Kanzu nyeupe nayo husaidia, ila tahadhari: kanzu iliyo kivulini chini ya mbingu safi huwa na ubuluu wa kweli, na ukiuondoa wote uso utakuwa wa manjano.

Kuhusu nyuso, tusitegemee kitufe cha kusahihisha chenyewe. Tangu miaka ya 1950 wachapaji walipimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, iliyoitwa Shirley, na ngozi zetu ziliumia kwa hilo hata katika filamu zilizosafishwa vyema. Katika mwanga wa mchana, ngozi iwe nyeusi au ya maji ya kunde, kipimo cha nyekundu huzidi cha kijani, na cha kijani huzidi cha buluu. Ukishafikia hapo, mwite aliyemjua mtu huyo aamue kiasi. Wanaojua wanapungua.

Nyuzi za nguo zilizokwisha kupotea ndani ya weupe hazirudi, hata ukihangaika vipi. Na ziko picha ambazo vivuli na mianga yake havikubaliani kabisa. Hizo zichapeni nyeusi na nyeupe. Mtu aliyevaa buibui hapotezi mengi kwa hilo, na uso wake utaonekana.