Aliye na dhiki apewe muda

Ndugu yangu, dada yangu, tuambizane ukweli. Hakuna anayesema watu wasilipe ushuru. Swali letu ni moja tu: mtu akiwa hana, unamkamua nini?

Chukua mfano wa mama anayeuza mitumba pale Kongowea. Biashara imelala, amebaki na deni la KRA la shilingi 60,000. Kwa kuchelewa tu anapigwa penalti ya asilimia 5, yaani 3,000. Juu yake riba ya asilimia 1 kila mwezi: 600 mwezi huu, 600 mwezi ujao, mwaka ukiisha ni 7,200. Halafu siku moja anaenda benki kutoa pesa za kununua mzigo, anakuta akaunti tupu. KRA iliiandikia benki notisi, benki ikalipa. Sasa kesho atauza nini ili alipe deni lililobaki?

Ng'ombe aliyekonda hulishwa kwanza, ndipo akamuliwe.

Linganisha na serikali yenyewe. Wakandarasi na wauzaji wanaidai, taifa na kaunti, madeni mengine yana miaka. Vijana walichukua mkopo, wakapeleka bidhaa, na hadi leo wanazungushwa ofisi kwa ofisi: njoo wiki ijayo. Yaani serikali ikidaiwa, sisi tusubiri. Ikidai yenyewe, hata mwezi mmoja ni mwingi!

Watakwambia kulikuwa na msamaha. Ndio, ulikuwepo, ukafungwa 30 Juni 2025. Ulifuta penalti na riba za hadi mwisho wa 2023, lakini mwenye deni la kodi alitakiwa kwanza alilipe lote. Mwenye pesa akapona, asiye nazo akabaki pale pale.

Watakwambia pia sheria ipo. Kweli, kifungu cha 33 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 kinakuruhusu kuomba kwa maandishi uongezewe muda au ulipe kidogo kidogo. Lakini anayeamua ni Kamishna, riba haisimami, na ukikosa kulipa awamu moja, deni lote linadaiwa papo hapo. Huo ni muda gani?

Sisi tunaijua aya ya 280 ya Suratul Baqarah na inachosema kuhusu mdaiwa aliye kwenye dhiki. Na asiyeisoma Qur'ani asome Katiba, kifungu cha 201: mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki.

Tunachodai kiandikwe kwenye sheria: mtu akithibitisha dhiki, notisi za benki zisimame, riba isimame, apate nafasi ya kuinuka.

Na wewe usikae kimya. Kama unadaiwa, usijifiche. Omba muda kwa maandishi leo, kabla notisi haijafika benki, na uweke nakala. Mswada wa Fedha huja kila mwaka, na wananchi huitwa kutoa maoni. Nenda. Mwambie mbunge wako umtetee huyo mama wa Kongowea. Akikataa, kumbuka siku ya kura.