Kahawa ya Mbale yatazamwa kutoka angani

Gunia la kahawa linalotoka Mbale siku hizi linaulizwa swali ambalo zamani halikuwapo: limetoka shamba gani? Haitoshi kutaja wilaya wala chama cha ushirika. Linalotakiwa ni shamba lenyewe, kwa namba za mahali zenye tarakimu sita baada ya nukta. Anayeuliza ni Umoja wa Ulaya, mnunuzi wa zaidi ya nusu ya kahawa ya Uganda, na chombo cha kulihakiki jibu kinapita kilomita 786 juu ya Mlima Elgon.

Sheria yenyewe, namba 1115 ya mwaka 2023, inakataza kuingiza Ulaya kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, mbao na mazao ya ng'ombe yaliyotoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa mara mbili. Kampuni kubwa na za kati sasa zimepewa hadi 30 Desemba 2026, na zile ndogo hadi 30 Juni 2027. Kuahirishwa huko kusimlaze mtu usingizi. Kahawa ya Bugisu inayochumwa mwishoni mwa mwaka ndiyo itakayoikuta sheria mlangoni.

Setilaiti zinazohusika zinaitwa Sentinel-2, za mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya. Ya kwanza ilirushwa mwaka 2015. Mbili zikizunguka pamoja hurudi juu ya mahali pale pale kila baada ya siku tano, na nukta moja ya picha ni mita kumi kwa kumi. Picha ni za bure kwa yeyote. Mnunuzi aliyeko Hamburg anaweza kulitazama shamba la Bududa bila kupanda ndege. Mawingu yakiufunika mlima, kama yafanyavyo mara nyingi, zipo Sentinel-1, ambazo rada yake hupenya wingu.

Tatizo ni kwamba jicho hilo huona matawi ya juu. Kahawa iliyo chini yake halioni. Wagisu hupanda mibuni pamoja na migomba na miti ya kivuli, na ukitazama kutoka juu shamba la namna hiyo hufanana na msitu. Mkulima aliyeangusha miti yake miwili mitatu ya kivuli mwaka 2022 ili apate mbao za nyumba anaweza kuonekana kama mfyeka msitu. Sheria iko upande wake, kwa kuwa shamba la mazao chini ya miti halihesabiwi kuwa msitu. Lakini haki hiyo inahitaji ushahidi, na mnunuzi mwenye haraka ataona ni rahisi zaidi kumruka. Kwa shamba lililoingia ndani ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, ambao umegombaniwa kwa miongo, hali ni ngumu zaidi, maana sheria inadai pia zao liwe limelimwa kihalali.

Kupata namba yenyewe si kazi kubwa. Shamba lisilozidi hekta nne linahitaji nukta moja tu, na mashamba mengi ya Elgon hayafiki hata hekta moja. Simu nyingi za kisasa hupokea mawimbi ya Galileo, mfumo wa Ulaya, pamoja na GPS ya Marekani. Kazi ni kuitunza namba hiyo isiachane na gunia. Mchuuzi hununua kilo ishirini hapa, hamsini pale, na jioni zote humwagwa stoo moja. Debe moja lisilojulikana lilikotoka linatosha kuchafua shehena nzima.

Hapo ndipo mfanyabiashara wa mpakani anapoguswa. Mlima ni mmoja, na Bungoma na Trans Nzoia upande wa Kenya hulima arabika hiyo hiyo. Kahawa huvuka Lwakhakha na Suam kufuata bei, nyingine kwa karatasi, nyingine kwa njia za panya. Cheti rahisi cha asili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, kinataja nchi tu. Cha shamba hakisemi lolote. Mtu anaweza kuvuka na karatasi zote za Jumuiya mkononi, kisha gunia lake likakataliwa na msafirishaji wa nje kwa kukosa namba.

Jinja kuna utulivu kidogo, kwani robusta ya Busoga hailimwi mlimani. Huko setilaiti zinajulikana zaidi kwa ziwa. Mei 2020 kipimo cha maji cha Jinja kilifika mita 13.42, kikapita rekodi ya 1964, na Sentinel-3 hupima kina cha aina hiyo kutoka angani. Hata hivyo kiboko cha Busoga nacho hupita mikono mingi kabla ya kufika kiwandani, na kila mkono ni nafasi ya namba kupotea.

Kahawa isiyo na namba haitakosa soko. Sudan na Morocco hununua. Swali ni bei, na nani atabeba pengo. Msafirishaji mkubwa ana kompyuta na wafanyakazi wa kusajili wakulima, na akishawasajili, orodha ni yake. Dalali wa Mbale anayetaka kubaki sokoni atahitaji daftari lake mwenyewe: jina la mkulima, kilo, tarehe na namba ya shamba, na magunia yanayotengwa tangu siku ya kwanza.