Aliyejiona Mwenyewe



Juma hili tuongee juu ya mwanamichezo mmoja wa Marekani, Dennis Eckersley. Kazi yake ilikuwa kurusha mpira katika besiboli. Kwetu mchezo huo haujulikani sana: mmoja anarusha mpira kwa nguvu, mpinzani anasimama na gongo na kujaribu kuupiga mbali. Eckersley alianza mwaka 1975 katika timu ya Cleveland, akiwa na miaka 20. Jina likakua, feza zikaja. Pombe nayo ikaja.

Wakati wa Noeli ya 1986, shemeji yake alimchukua video akiwa amelewa mbele ya binti yake mdogo. Kesho yake, alipolevuka, akaonyeshwa. Aliona haya. Januari 1987 akaingia kituo cha matibabu, na akaacha pombe.

Mwaka ule ule alihamia timu ya Oakland. Huko akapewa kazi mpya: kuingia mwishoni tu na kulinda ushindi. Katika kazi hiyo alianguka tena, safari hii mbele ya watu wote. Oktoba 1988, katika mchezo wa kwanza wa fainali, Kirk Gibson wa Los Angeles, aliyekuwa anachechemea, aliupiga mpira wake ukatoka nje ya uwanja. Oakland wakashindwa 5 kwa 4. Eckersley hakujificha. Alibaki akajibu maswali ya waandishi wa habari. Mwaka uliofuata timu yake ikachukua ubingwa, na mwaka 1992 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake.

Aliacha kucheza mwaka 1998. Baadaye akawa mchambuzi wa michezo ya Boston katika televisheni, kazi aliyoifanya karibu miaka 20, mpaka 2022. Watu walimpenda kwa sababu hakupaka mambo rangi. Kijana akirusha vibaya, alisema. Lakini alisema kama mtu anayejua uchungu wa kushindwa.

Wamama, tunajua nyumba ambamo feza ya unga inaishia kwenye kasiksi au lotoko, na watoto wanajifunza kutambua hatua za baba mlangoni. Kumtukana mlevi usiku ni kazi bure. Kesho hakumbuki kitu. Yule shemeji alingoja asubuhi, na ukweli ukamfikia mtu mwenye akili timamu. Si kila nyumba inaweza kufanya hivyo. Kama kuna kipigo, tangulia kujiokoa wewe na watoto. Lakini pale panapo usalama, chagua saa ya utulivu, muite mkubwa wa familia anayeheshimiwa, mseme bila kumuaibisha mbele ya majirani.

Na akiacha, tumpe kazi na nafasi ya kusema. Mtu aliyeinuka anaweza kuwaonya vijana kuliko sisi ambao hatujaanguka.

Tukutane juma lijalo.