AL Ikichapa, Nani Atatutengenezea Dawa? Story ya Kelly Chibale Inatuhusu

Ukishikwa na malaria leo unapimwa, unapewa AL, unameza siku tatu na unarudi kwa hustle yako. Lakini uliza mzazi wako. Enzi zao ilikuwa klorokwini. Vimelea vikaizoea, na 1998 Kenya ikaibwaga. Ikaja Fansidar, nayo ikachapa. Ndiyo maana 2006 hospitali zikaanza kutoa AL.

Sasa rada ni hii, na si story za jaba: vimelea vinavyoanza kuhimili artemisinini, ile nguvu ya AL, vimethibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania. AL bado inatibu, kwa hivyo usiache kuimeza. Lakini hao ni majirani, na mbu haulizwi pasipoti.

Dawa ijayo itatoka wapi?

Kuna msee amejibu hilo swali maisha yake yote. Profesa Kelly Chibale ni wa Zambia, alikulia bila stima wala maji ya mfereji. Alipomaliza digrii ya kemistri 1987, kazi aliyopata ilikuwa kwa kampuni ya kutengeneza baruti. Akapata nafasi Cambridge, akachukua PhD, akafanya utafiti hadi Marekani. Angebaki majuu na hakuna mtu angemlaumu. 1996 akarudi Afrika, Chuo Kikuu cha Cape Town, na 2010 akaanzisha H3D, kituo cha kusaka dawa mpya.

Kazi yenyewe si ya kukoroga vitu mpaka moshi utoke. Unachukua molekuli inayoua kimelea, unaibadilisha kidogo kidogo, unaitest tena: inaua? Inafika kwa damu? Itaumiza ini? Nyingi zinakufia mkononi.

2012 timu yake na wenzao wakatangaza MMV048. 2014 ikaanza kujaribiwa kwa binadamu hapo Cape Town, baadaye Ethiopia. Watu walitumai dozi moja ingetosha. Kisha vipimo vya wanyama vikaonyesha inaweza kuleta madhara, ikasimamishwa.

Miaka hiyo yote ilipotea? Zii. Dawa ilianguka lakini maabara ilibaki, na vijana Waafrika waliojifunza kazi hapo wako nayo kichwani. Molekuli inayofuata haitaanzia sufuri.

Ngori ni doh. Serikali ya South Africa ilichangia, lakini pesa nyingi zilitoka nje, kwa watu kama Gates Foundation na MMV ya Uswisi. Na 2025 tuliona vile Marekani ikifunga bomba la misaada, kliniki zetu zinayumba. Serikali za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 1 ya uchumi kwa utafiti. Nyingi, Kenya ikiwemo, hazijafika hapo.

Huku mtaani tuna magraduate wa kemistri wanaosukuma boda. Siku AL itachapa, tutawahitaji. Swali ni kama tutakuwa tumewajengea maabara, ama tutakuwa tunangojea meli ya dawa kutoka kwa wengine.