Friza Kwanza, Kelele Baadaye

Kuna sentensi ambayo kila ikisemwa kwenye semina za wanasayansi wetu hupigiwa makofi: "Wazungu wametuibia vijidudu vyetu." Nimeisikia kwa Kiingereza kilichonyooka na kwa Kiswahili kinachochoma. Watu hupiga makofi, mwenyekiti hutabasamu, kisha tunatoka kwenda kunywa chai na sambusa. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya mikrobiolojia na kwetu ni Mbulu, wilaya ambayo bakteria wake ndio hutajwa sana kila sentensi hiyo inapotolewa mfano. Naomba basi niikatae. Siikatai kwa kuwa naona mambo yako sawa. Naikataa kwa sababu inatupa utamu wa hasira na kutuachia mikono mitupu.

Bakteria wenyewe ni wale wanaoishi matumboni mwa Wahadzabe wa Bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi. Wahadzabe ni watu wachache, wanakadiriwa kuwa zaidi kidogo ya 1,000, na ni sehemu ndogo tu kati yao inayoishi kwa kuwinda, kurina asali, kuokota ubuyu na kuchimba viazi-pori. Mwaka 2014 jarida la Nature Communications lilitoa utafiti wa kwanza mkubwa wa bakteria wa matumbo yao. Watu wazima hawakuwa na Bifidobacterium, ambao vitabu vya afya huwasifu kama bakteria wema wa kila mtu. Badala yake walikuwa na Treponema kwa wingi, na wanawake, ambao ndio wachimbaji wa viazi, walikuwa nao kuliko wanaume. Treponema ni ukoo wa yule anayeleta kaswende. Wale wa Yaeda hawaumwi chochote nao, na inaelekea wanasaidia kusaga nyuzinyuzi ngumu. Hapo unaona kwa nini kuainisha si kazi ya makarani: ukiishia kwenye jina la ukoo, unamtibu mtu mzima kama mgonjwa.

Mwaka 2017, katika Science, ikaonekana kwamba bakteria hao hubadilika na misimu. Kuna wanaopungua hadi karibu kutoonekana wakati wa mvua, asali na matunda yakiwa mengi, halafu wakarudi kiangazi. Mwaka 2023, katika Cell, kundi la Chuo Kikuu cha Stanford likasoma sampuli 351 za kinyesi, nyingi za Wahadzabe, nyingine za watu wa Nepal na California. Walipata jenomu 91,662 za bakteria, akea, virusi vya bakteria na viumbe vingine, na asilimia 44 kati yake hazikuwa katika kumbukumbu zilizokuwapo. Soma tena namba hiyo. Karibu nusu! Hakuna pango la chini ya bahari lililohitajika wala meli ya utafiti. Sehemu kubwa ya hayo ilitoka kwa watu ambao, tukiwa shuleni Mbulu, tulifundishwa kuwaita "waliobaki nyuma".

Sasa, huo wizi uko wapi? Fungua ukurasa wa waandishi. Utafiti wa 2014 una jina la Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ule wa 2017 una Alphaxard Manjurano na John Changalucha wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Mwanza. Hawa si watu waliolala mlinzi akaruka ukuta. Wanaopiga kelele za wizi huwa hawawataji, maana wakiwataja hadithi inaharibika, na nadhani ni dharau kubwa kuwafuta Watanzania katika kazi yao wenyewe ili tupate mtu wa kumlaumu.

Tatizo liko mahali pengine, na halina drama. Kugundua bakteria ni jambo moja, kumpa jina ni jingine, na kumtunza ni la tatu. Sisi tumeshiriki lile la kwanza. La pili na la tatu tumewaachia wenzetu, kisha tunashangaa kwa nini nyumba si yetu.

Kanuni za kimataifa za majina ya bakteria ziko wazi. Tangu mwaka 2001 spishi mpya haihesabiwi kuwa na jina halali mpaka kielelezo chake, yaani bakteria wenyewe, wakiwa hai, kiwekwe katika hifadhi mbili za wazi zilizo katika nchi mbili tofauti. Picha haitoshi, wala mfuatano wa herufi za DNA hautoshi. Lazima mtu mwingine, mahali pengine, aweze kuomba chupa ile, aioteshe, na aone ulichokiona. Mwaka 2022 kulizinduliwa mfumo mwingine, SeqCode, unaokubali jenomu kama kielelezo, na wenzangu wengi darasani waliufurahia: sasa hatuhitaji friza, tunahitaji kompyuta tu. Mimi sikufurahi kiasi hicho. Jenomu ni maelezo ya kiumbe. Kuwa nayo bila kiumbe ni sawa na kuwa na cheti cha kuzaliwa cha ndugu usiyejua yuko wapi. Huwezi kumlisha nyuzi za viazi uone anafanya nini. Huwezi kumrudisha tumboni kwa mtoto aliyempoteza kwa dawa za antibiotiki, kama siku moja tutajua namna ya kufanya hivyo.

Na bakteria hai wako, ila hawako kwetu. Mradi wa Global Microbiome Conservancy, ulioanzia chuo cha MIT huko Marekani, umeotesha bakteria kutoka matumbo ya Wahadzabe na ya Wadatoga, majirani zetu waliotapakaa kutoka Eyasi hadi Hanang. Matokeo yalitoka katika Cell mwaka 2021. Uswisi nako kuna mpango wa ghala la vijidudu vya dunia nzima, kwa mfano wa lile ghala la mbegu la Svalbard. Hata mtu binafsi alijaribu: mwaka 2014 mtafiti mmoja Mmarekani aliandika mwenyewe jinsi alivyojitia kinyesi cha Mhadzabe utumboni kwa bomba la jikoni, lile la kunyunyizia mchuzi nyama iokwayo. Tulicheka sana. Lakini angalau yeye alitafuta mahali pa kuwaweka.

Nani anatunza hapa? Najua friza moja ya nyuzi hasi 80, chuo sitakitaja, ambayo wikiendi moja ya umeme kukatika iligeuka kabati la maji. Jenereta lilikuwepo. Mafuta hayakuwepo, na mwenye saini ya kununulia mafuta alikuwa safarini. Miaka mitatu ya kazi ya mwanafunzi aliyenitangulia ilimwagwa kwenye sinki Jumatatu asubuhi, na hakuna aliyeita hilo wizi.

Watu wa fani hii hupenda kuzungumzia bahari, na wana haki. Sponji mmoja au tumbawe moja ni mji mzima wa bakteria, na wengi wao hawajawahi kupewa jina. Hata mwani unaolimwa Zanzibar tangu 1989, sehemu kubwa na wanawake, hupata ugonjwa wa kupauka na kukatika ambao bakteria wanaoishi juu yake wana mkono ndani yake. Lakini anayetoka Mbulu na Hanang hana haja ya kuona wivu. Tuna Ziwa Balangida chini ya Mlima Hanang, maji ya magadi na chumvi, na kiangazi watu huingia kuokota chumvi kitandani mwa ziwa. Maziwa ya aina hiyo ndiyo yaliyoujaza ulimwengu wa bakteria majina mapya.

Tazama Ziwa Magadi la Kenya. Mwaka 1984 wanasayansi wa Uingereza walieleza kutoka humo kiumbe walichokiita Natronobacterium gregoryi. Kwa haki si bakteria bali ni akea, binamu wa mbali, ila hukusanywa, huoteshwa na hupewa jina kwa njia zilezile. Jina ni la J. W. Gregory, mwanajiolojia aliyeandika kitabu cha Bonde la Ufa mwaka 1896. Miaka 32 baada ya kupewa jina, kiumbe hicho kilitikisa sayansi: maabara moja ya China ilitangaza mwaka 2016 kwamba protini yake inaweza kuhariri jeni, dunia ikahangaika kurudia jaribio, ikashindwa, na makala ikaondolewa 2017. Wangapi Magadi walijua kwamba mkazi wa ziwa lao alikuwa akibishaniwa kutoka Asia hadi Amerika? Na kwa nini ubishi uliwezekana? Kwa sababu kielelezo kilikuwa hai, ndani ya chupa, na yeyote aliweza kukiagiza. Ziwa Natron la kwetu nalo lilitoa Alkalilimnicola halodurans, aliyeelezwa mwaka 2001. Natron ni Tanzania. Kazi ilifanyika Ulaya.

Hapa ndipo mtu husimama na kunitajia kisa cha vimeng'enya vya maziwa ya magadi ya Kenya. Nakijua. Sampuli zilichukuliwa miaka ya mwanzo ya 1990, kampuni ya Genencor ikapata vimeng'enya vya sabuni na vya kufifisha rangi ya jinzi, na mwaka 2004 Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya, KWS, likatangaza kudai sehemu ya faida. Ubishi wa vibali ulikuwa mrefu. Lakini angalia Wakenya walifanya nini zaidi ya kudai. KWS ilisaini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark mwaka 2007, na katika Chuo Kikuu cha JKUAT watu kama Hamadi Boga na Romano Mwirichia wakaotesha wenyewe bakteria wa Ziwa Elmenteita. Dai lina nguvu likitoka kwa mtu mwenye chupa mkononi.

Sisi tumechagua njia ya kufunga mlango. Kila mwaka nasikia pendekezo la kuzuia kabisa bakteria hai wasitoke nchini. Linasikika kizalendo. Matokeo yake ni haya: kanuni inataka hifadhi mbili, nchi mbili, na wanaoomba wapewe. Ukizuia chupa isivuke mpaka, Mtanzania aliyegundua spishi mpya Balangida hawezi kumpa jina halali. Mgeni aliyebeba sampuli zamani, kabla ya sheria, anaweza. Nchi nyingine zenye sheria kali za bioanuwai tayari wanasayansi wao wamelilalamikia hili. Sheria iseme wazi kwamba kuweka kielelezo kwa ajili ya jina kunaruhusiwa, na kutengeneza pesa kunahitaji mkataba. Hivyo ni vitu viwili, na mwanasheria yeyote wa mwaka wa kwanza anaweza kuvitenganisha.

Na pesa zipo njiani, huenda. Mwaka 2024, huko Cali, Kolombia, nchi zilikubaliana kuwa na mfuko ambao kampuni zinazofaidika na data za jeni zitauchangia, na angalau nusu iende kwa watu wa asili na jamii za wenyeji. Kuchangia ni hiari, kwa hiyo nisiwatie watu tamaa. Ila siku fedha hizo zikigawiwa, atakayeulizwa kwanza ni mwenye orodha: bakteria gani, kutoka bonde gani, kwa ridhaa ya nani. Hasira haina safu ya kujazwa kwenye fomu ile.

Wanaosema haiwezekani Afrika waende Ngaramtoni, Arusha, wakaone mbegu za mazao yetu zilivyohifadhiwa katika kituo cha taifa. Waende Nairobi, ILRI, wakaone sampuli za mifugo ndani ya naitrojeni ya maji. Na kwa bakteria wengi wa maziwa ya magadi huhitaji hata hayo: unawagandisha, unawakausha kwa mashine, unawafunga ndani ya kijichupa cha kioo, nao hulala miongo mingi bila kudai umeme. Wa matumboni ni wagumu zaidi kwa kuwa hewa ya oksijeni huwaua, wanahitaji chumba chao na mtu aliyefunzwa. Basi tuanze na Balangida, tujifunze, halafu twende Yaeda. Bibi yangu alitunza kibuyu kimoja cha maziwa ya mgando miaka yote ninayoikumbuka, kila mara akibakiza kidogo cha kugandishia mengine. Alielewa kutunza kuliko kamati zetu kadhaa.

Hoja inayonisumbua kweli ni moja tu, nayo haitoki semina. Inatoka nyumbani: watu hawana maji ya uhakika, ardhi inagombaniwa, na wewe unataka friza ya kinyesi? Sina jibu rahisi. Bakteria wa msimu wa asali wanahitaji msimu wa asali, na msimu wa asali unahitaji mibuyu na nyuki na mtu wa kupanda kuwafuata. Mashamba na mifugo ya watu kama sisi, Wairaqw na Wadatoga, ndiyo inayosogea bondeni. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya kimila ya hekta zaidi ya 20,000. Hati hiyo imetunza bakteria wengi kuliko maabara yoyote niliyowahi kuingia, na kama lazima kuchagua kati ya hati na friza, nachagua hati. Lakini sijaona mahali ambapo kuchagua huko kunatakiwa. Bajeti ya ghala la vijidudu ni mishahara ya mafundi wawili, mashine ya kukaushia, jenereta, na saini ya mafuta isiyosafiri.

Liwekwe Arusha, karibu na mbegu. Droo ya Balangida iwe wazi kwa yeyote anayetaka kusoma. Droo ya Yaeda iwe na daftari la Kiswahili linaloeleza kila kijichupa kilitoka kwa nani na kwa makubaliano gani, nakala yake ikae katika ofisi ya kijiji cha Mongo wa Mono, na kabla ya chupa kufunguliwa kwa biashara, simu ipigwe huko kwanza.